Yoga Haianzii Mkekani

Kwa miaka mingi, msafiri aliyesinzia ndani ya matatu ya kutoka Changamwe hakuhitaji kuambiwa kwamba amekaribia kisiwa cha Mombasa. Pua ndiyo iliyomwamsha. Kibarani palikuwa na jaa la taka lililorundikana mpaka likawa vilima, ukingoni kabisa mwa bahari, moshi haukatiki, na juu yake watu wakifukua chuma, chupa na plastiki wapate cha kupeleka nyumbani. Abiria walifunga madirisha hadi wavuke Makupa. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ililifunga jaa hilo, taka zikaelekezwa Mwakirunge, na vilima vile vikafunikwa udongo vikapandwa nyasi na miti. Daraja jipya la Makupa likafunguliwa mwaka 2022. Siku hizi madirisha ya matatu hubaki wazi, na mgeni hajui amepita kando ya nini.

Kibarani hiyohiyo ndiko Wahindu wa Mombasa wanakochomea maiti wao. Wengi wetu tumepita pale maisha yetu yote bila kuuliza, tukitazama mbele, kwa adabu ya watu wanaojua kwamba hapo pana jambo la dini ya wenzao. Nataka kusema neno juu ya yoga, na naona Kibarani panafaa kuanzia kuliko ufuo wa Diani, ambako picha zote za yoga hupigwa.

Karibu kila darasa la yoga, liwe la Nyali au la London, humalizika kwa mkao mmoja. Watu hulala chali, mikono imeachana na ubavu, viganja vimeelekea juu, macho yamefumbwa, hakuna anayetikisika. Huuita shavasana, yaani mkao wa maiti. Mwalimu hupunguza taa, huweka muziki wa filimbi, na baada ya muda kila mtu huinuka akisema amepumzika. Hawajakosea. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha Svatmarama cha karne ya 15, kinautaja mkao huo na kusema kwamba unaondoa uchovu na kutuliza akili. Lakini kitabu hichohicho kinafunguliwa kwa salamu kwa Shiva, mwalimu wa kwanza wa yoga, na Shiva wa masimulizi ya Kihindu si wa kupamba ukumbi wa hoteli. Makao yake ni penye tanuri za maiti. Hujipaka majivu yao. Anayelala mkao wa maiti huku akijua hayo hawezi kuuona kuwa usingizi mfupi wa bei ghali. Anajiweka mahali pa mtu ambaye jina lake, mali yake na ubishi wake vimekwisha ondolewa, kisha anatazama nini kimebaki.

Sisi wa pwani hatuwezi kusema hilo ni geni. Masufi wetu wamefundisha kufa kabla ya kufa. Na aliyewahi kuingia chumba cha kuoshea maiti, akageuza bega la mtu aliyekuwa akibishana naye barazani juzi, hahitaji kuelezwa zaidi.

Mjadala wa yoga mjini mwetu una pande mbili. Wenye hoteli na kumbi za mazoezi husema yoga haina dini, ni kunyoosha viungo tu, njooni nyote. Baadhi ya mimbari, za msikiti na za kanisa, husema ukishapinda mgongo namna ile umekwisha sujudia sanamu, ujue usijue. Wa kwanza wanadai mkao hauna maana yoyote, wa pili wanadai mkao una maana yote, tena unatenda kazi wenyewe kama hirizi. Wote wawili wanaukodolea macho mwili. Wala hawaulizi wenye yoga walisema nini kuhusu mikao hiyo.

Walisema machache sana. Yoga Sutra, mkusanyo wa kauli fupi zisizofika 200 unaonasibishwa na Patanjali, una kauli tatu tu zinazohusu mkao, na hautaji hata mkao mmoja kwa jina. Unasema kikao kiwe imara na kiwe cha raha, basi. Bhagavad Gita, katika sura yake ya sita, inamwelekeza mtu atafute mahali safi, atandike nyasi, ngozi na kitambaa, akae, anyooshe mgongo, shingo na kichwa. Hicho ni kikao cha mtu atakayekaa kwa muda mrefu na hataki mwili umsumbue. Svatmarama alipokuja na Pradipika alieleza mikao 15, na mingi ni ya kukaa. Mamia ya mikao tunayoiona leo, ile ya kuruka kutoka mmoja hadi mwingine jasho likitiririka, ni kazi ya karne ya 20 zaidi kuliko ya zama za kale. Katika miaka ya 1930 Krishnamacharya alifundisha vijana kwenye jumba la mfalme wa Mysore, na wanafunzi wake, akina B.K.S. Iyengar na Pattabhi Jois, wakaipeleka duniani. Mwanahistoria Mark Singleton ameonyesha katika kitabu chake Yoga Body cha mwaka 2010 jinsi mazoezi ya viungo ya Ulaya yalivyochangia sura hiyo mpya. Hata Swami Vivekananda, aliyewatia Wamarekani hamu ya yoga baada ya hotuba zake za Chicago mwaka 1893, hakuijali sana mikao.

Sasa tazama ngazi yenyewe. Patanjali anataja viungo vinane vya yoga, na mkao ni cha tatu. Cha kwanza ni makatazo matano: usidhuru, usiseme uongo, usiibe, zuia matamanio ya mwili, usilimbikize. Cha pili ni wajibu watano: usafi, kuridhika, kujihimili, kujisomea, na kujisalimisha kwa Mungu. Baada ya hayo kumi ndipo mtu anakaa. Halafu inafuata pumzi, kisha kuzirudisha hisia ndani, kisha kuishika akili mahali pamoja, na mwisho hatua ambazo watu wachache huthubutu kudai wamezifikia.

Mpangilio huo una sababu ambayo mtu yeyote anaweza kuijaribu usiku wa leo. Kaa kimya, fumba macho, usifanye lolote. Kitakachokujia kwanza ni yule uliyemdanganya mchana na deni unalolikwepa. Aliyedhulumu haitulii akili yake kwa kupinda goti. Atapata misuli laini na usingizi mzuri, na hizo ni neema, lakini ndani yake zogo ni lilelile. Matangazo ya madarasa ya yoga nimeyaona mengi, yenye machweo na wasichana wembamba. Bado natafuta lile litakaloandika: njoo na mkeka wako, na kabla hujaja uwe umemlipa mfanyakazi wako wa nyumbani mshahara wa mwezi uliopita.

Agosti 2024 alifariki Hasmukh Patel, mwenye kiwanda cha Mombasa Cement, ambaye mji mzima ulimwita Hasu. Mwili wake ulichomwa Kibarani. Waliokwenda kumzika, kwa maana yetu ya kuzika, hawakuwa Wahindu peke yao. Walikuwapo Waislamu, Wakristo, wanasiasa, na watu wa mtaani ambao hawakuwahi kusikia habari za saruji isipokuwa kwa kuibeba. Walimlilia kwa sababu ya chakula. Kwa miaka mingi mipango yake ya kulisha masikini ilikuwa ikipika sufuria kubwakubwa kila siku, na jaa la Kibarani lilipogeuzwa kuwa bustani mkono wake ulikuwamo. Mtwapa aliacha shule ya Sahajanand ya watoto wenye ulemavu.

Biashara ya saruji ina vumbi lake, wala simtawazi mtu kuwa walii. Kama alikuwa akisimama kwa kichwa kila alfajiri, hilo halina uzito hapa. Ninalolitaja ni kwamba Gita, kitabu chenye kuheshimiwa na Wahindu wa madhehebu karibu yote, inaita yoga pia ile kazi ifanywayo bila kung'ang'ania matunda yake, na kwamba mstari wa watu wenye bakuli ni mahali panapopimwa jambo hilo vizuri kuliko ukumbi wenye vioo.

Jina la ile shule lina kisa chake. Sahajanand Swami, ambaye wafuasi wake humwita Swaminarayan, aliondoka nyumbani mwaka 1792 akiwa mtoto wa miaka 11, akatembea India kwa takriban miaka saba akiwa na nguo chache na mwili uliokauka. Wafuasi wake husimulia kwamba alijifunza yoga milimani kwa mzee mmoja, na humchora akiwa amesimama kwa mguu mmoja, mikono juu, katika ibada ya kujitesa. Wengi wangebaki kwenye picha hiyo. Yeye alishuka Gujarat, akachukua uongozi wa jumuiya, akachimbisha visima na kufungua vituo vya kulisha watu wenye njaa. Ule mguu mmoja ulikuwa wa kumwandaa. Wafuasi wake ndio waliovuka bahari wakaja kwetu, na mwaka 1955 kiongozi wao Yogiji Maharaj alizindua Mombasa hekalu ambalo lilikuwa la kwanza la jumuiya ya BAPS nje ya India. Kwa hiyo anayesema yoga imeletwa pwani na watalii ajue kwamba kulikuwa na wenye nayo hapahapa kabla hoteli nyingi za Diani hazijawekwa jiwe la msingi. Hawakuwa wakiuza.

Nairobi pana shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa mwaka 2007, ambalo limewafundisha vijana wa mitaa ya mabanda kuwa walimu wa yoga na kuwapa riziki. Nalisifu, ingawa mtindo wake ni ule wa jasho. Kijana aliyekuwa hana kazi akapata wanafunzi, akaenda gerezani kufundisha wafungwa kupumua, huyo amekaribia kiungo cha kwanza hata kama hajui jina lake. Lamu nako, tangu 2014, Shela hupokea tamasha la yoga ambalo hujaza nyumba za wageni katika msimu usio na watalii wengi. Sina ugomvi na riziki hiyo, jahazi la machweo lazima liwe na abiria. Ila Shela ni kijiji chenye msikiti wa karne ya 19 na mabibi wenye mabuibui, na mtu aliyekuja kutafuta roho kisha akapita vichochoroni na nguo za kuogelea ameshindwa kwenye kutodhuru, somo la siku ya kwanza.

Nirudi kwenye mimbari, maana hofu yao siipuuzi. Novemba 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga, likihofia mchanganyiko wa mikao, maneno ya ibada na lengo la kuungana na uungu wa imani nyingine. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2009, wanazuoni wa Indonesia walitofautisha: yenye visomo na ibada za Kihindu haifai, ya mazoezi matupu inafaa. Mwaka 2017 Saudi Arabia iliiandikisha yoga miongoni mwa michezo. Upande wa Wakatoliki, Kadinali Ratzinger aliandika barua mwaka 1989 kuhusu sala na tafakuri, akakubali kwamba mkao wa mwili unaweza kumsaidia anayesali, akaonya wasije watu wakaichukulia starehe ya mwili kuwa ndiyo neema ya Roho Mtakatifu. Onyo hilo naliona zuri hata kwa asiye Mkristo. Utulivu baada ya mazoezi ni utulivu wa damu na misuli. Ni mtamu, na ndiyo maana ni rahisi kuuita ufunuo.

Kabla ya fatwa hizo zote kulikuwa na Waislamu waliokwenda kuitazama yoga kwa karibu. Al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarazm aliyezaliwa mwaka 973, aliitafsiri kazi ya Patanjali kwa Kiarabu. Hakusilimisha maneno ya Wahindu wala hakuyatukana, alitaka msomaji wake ajue wanaamini nini hasa. Karne tano baadaye Muhammad Ghawth wa Gwalior, shekhe wa tarika ya Shattariyya, aliandika kwa Kiajemi Bahr al-Hayat, kitabu kinachoeleza mikao 21 ya yoga pamoja na nyiradi, na nakala yake ya mwanzoni mwa karne ya 17 ilichorwa mikao hiyo mmoja baada ya mwingine kwa rangi. Katika mapokeo ya kitabu hicho, mabwana wakubwa wa yoga wanalinganishwa na manabii, huyu Yunus, yule Khidhri. Hapo mimi namwacha mkono shekhe, naona amevuka. Lakini namheshimu kwa jambo moja: alijua alichokuwa anakichukua, na alimtaja mwenyewe.

Msimamo wangu naukuta katika sala yetu. Mtu akiinama mpaka mgongo ukalingana na ardhi kwa sababu anatafuta shilingi iliyoingia chini ya kitanda, hakurukuu. Atalala kifudifudi kwa kuumwa na tumbo na hakuna atakayesema amesujudu. Fiqhi yetu imetufundisha tangu chuoni kwamba viungo vinangojea nia. Basi kwa mizani hiyohiyo, mwanamke wa Majengo aliyeambiwa na daktari anyooshe mgongo, akafanya mkao wa paka sakafuni kwake, hakuabudu chochote. Tumwache apone.

Mizani hiyo hukata pande zote mbili. Mwalimu akianzisha darasa kwa kumsomea mungu wimbo wa Kisanskriti na wanafunzi wakaitikia, hayo ni maneno, na maneno yana maana hata kwa asiyeyajua. Surya namaskar, mfululizo ule wa salamu kwa jua uliovumishwa na mfalme wa Aundh katika miaka ya 1920, hufanywa na wengine kama mazoezi, na wengine kwa kuyataja majina ya jua moja moja. Muislamu au Mkristo ana haki ya kuelezwa kabla hajakunjua mkeka wake yuko kwenye lipi. Mhindu naye ana haki asione salamu ya dini yake ikiuzwa kama dawa ya kitambi. Anayesema yoga haina asili anawadhulumu wote wawili, na hao wanaosema hivyo kwa kujua wanaiba, jambo lililokatazwa kabla ya mkao wa kwanza.

Serikali ya India yenyewe haikusaidia sana hapa. Narendra Modi aliipeleka hoja Umoja wa Mataifa Septemba 2014, Desemba azimio likapita, na tangu 2015 Juni 21 ni siku ya yoga duniani. Ubalozi mdogo wa India wa hapa Mombasa nao hukusanya watu siku hiyo. Duniani yoga huelezwa kuwa afya ya wote, nyumbani hutangazwa kuwa fahari ya ustaarabu wa Kihindu. Huenda yote mawili ni kweli, ila mwanadiplomasia huchagua la kusema kwa kutazama nani amekaa mbele yake.

Kwa walimu wa yoga wa Nyali, Diani na Lamu nina ombi. Siku ya kwanza waambieni watu hii imetoka wapi, mnasoma nini mnapofumba macho, na nani aachie wapi. Kama mnafundisha mazoezi, semeni mazoezi, ni kazi ya halali na miili yetu ya kukaa kwenye pikipiki na kompyuta inaihitaji. Kama mnadai mnafundisha roho, basi fundisheni kwa mpangilio wa wenyewe. Kwa masheikh na wachungaji: ulizeni kabla ya kuhukumu, na hukumu itolewe juu ya visomo na itikadi, isitolewe juu ya uti wa mgongo. Kwa Wahindu wa Mombasa, ambao kwa vizazi wameona adabu kutoyasema mambo yao mbele ya majirani, naomba wayaseme zaidi. Majirani wangefaidika.

Na wewe msomaji, ukivutwa na rafiki kwenda darasani, muulize mwalimu swali moja kabla ya kulipa: mkao ni kiungo cha tatu, viwili vya mwanzo utanifundisha lini? Akikujibu, kaa. Akicheka, nyoosha viungo vyako, mlipe haki yake, na usimwite mwalimu wa roho.